Waya wa Siku Nane

Adhana ya baba ilinikuta juu ya paa, nikianua nguo. Ilikuwa siku ya nane ya mfungo. Kwa siku tatu mfululizo mawingu ya vuli yalikuwa yameziba mbingu, na jioni ile ndiyo kwanza yakafunguka upande wa bahari. Nikasikia takbiri ya kwanza kutoka kwenye kipaza sauti cha msikiti wetu, nikainua macho, nikaliona jua. Sisemi wekundu wake wala mwanga uliobaki. Nasema jua lenyewe, duara zima, na kati yake na maji bado pana mwanya.

Nikaangalia saa yangu ya mkononi. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Msikiti wa pili ukapokea, halafu wa tatu kule nyuma ya soko, kwa sababu waadhini wa pale walikuwa na desturi ya kumsikiliza baba aanze ndipo nao waanze. Mtu mwenye miaka thelathini katika kazi haulizwi saa. Mtaa mzima ulikuwa ukimfuata, na wengine walirekebisha hata saa zao kwa sauti yake. Wiki ile jirani yetu mwenye duka la vitambaa alilalamika kuwa saa yake imeanza kuchelewa dakika nne, akaipeleka mbele, akashukuru.

Nikateremka ngazi mbili mbili. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya futari, na kokwa ya tende iko kwenye kisahani. Nikamwambia asile. Akaniangalia kama nimerukwa na akili.

"Nshaimeza," akasema.

Nilikaa chini nikiwa nimeshika shuka mbichi. Saa iliyomwambia baba kuwa jua limezama niliitengeneza mimi.

Lazima nieleze kuhusu macho ya baba, la sivyo hakuna kitakachoeleweka. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimwanza jicho la kulia, ukaja la kushoto, na kufikia mwaka ule alikuwa akiona vivuli na mwanga tu. Tuliojua ni mama na mimi. Njia ya msikitini aliijua kwa miguu, mimbari na mikeka aliijua kwa mikono, na Qur'ani alikuwa nayo kifuani. Lakini mwadhini asiyeweza kusoma saa wala ratiba ya sala si mwadhini tena, na baba alikuwa akiogopa siku hiyo kuliko alivyoogopa kufa. Hospitali hakutaka hata kuisikia. Aliniambia mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayeomba na hajazoea kuomba, kwamba yeye hana kitu kingine duniani ila ile nafasi mbele ya kipaza sauti.

Mimi nilikuwa fundi katika karakana moja huko Ng'ambo, tukitengeneza redio za upepo za mawasiliano, mashine za ofisi na chochote kingine kilicholetwa. Mwanamke mmoja kati ya wanaume tisa, na ulimi wangu ulikuwa mkali kwa sababu ilibidi uwe mkali. Nikamwambia baba nitamtengenezea saa. Itakuwa na taa nyekundu kubwa, kubwa kiasi cha yeye kuiona. Wakati wa sala ukiingia taa itawaka, naye atasimama aadhini. Itakaa kwenye kile chumba kidogo cha mwadhini ambamo haingii mtu mwengine, itatumia betri ya gari ileile ya kipaza sauti, na betri ndogo ndani yake ya kushika wakati ikihamishwa, kwa hiyo umeme ukikatika, na siku hizo ulikatika kila jioni, haitajali.

Akili ya saa ile yote ilikuwa katika chipu moja ya kumbukumbu, mdudu mweusi mwenye miguu ishirini na minne, na mgongoni ana kidirisha cha kioo nilichokifunika kwa utepe mweusi, kwa maana mwanga wa jua ukiingia humo siku nyingi hufuta kila kilichoandikwa. Mama aliniuliza kitu kile kinakumbuka vipi. Nikamwambia afikirie masanduku ya posta, yale ya ukutani. Kila sanduku lina namba yake, na ndani yake mna barua moja. Ukitaka barua unataja namba. Chipu haina mdomo wa kutajiwa namba, kwa hiyo namba yake hupelekwa kwa waya, na kila waya ama una moto ama hauna. Waya mmoja unaweza kuchagua kati ya masanduku mawili, waya mbili kati ya manne, tatu kati ya manane. Kila ukiongeza waya, masanduku yanakuwa maradufu. Siku za mwaka zilitaka waya tisa. Sala tano zilitaka waya tatu zaidi. Kumi na mbili kwa jumla, na masanduku zaidi ya elfu nne.

"Na hiyo barua?" mama akauliza.

Hapo ndipo nilipokuwa nimekwama mimi mwenyewe. Barua ilitoka kwa waya nane tu, huo ndio upana wa chipu ile, na waya nane haziwezi kubeba namba kubwa kuliko mia mbili hamsini na tano. Dakika za siku nzima ni elfu moja na mia nne na arubaini. Hazienei. Nilikuwa nafikiria kuongeza chipu ya pili, na chipu zenyewe hazikupatikana kirahisi. Ile moja niliichomoa kwenye mashine mbovu. Mama alinisikiliza, akaendelea kuchambua mchele, kisha akaniuliza kama Magharibi ya Unguja imewahi kuingia saa kumi, au saa mbili usiku. Nikasema haijawahi, inacheza dakika thelathini na kitu tu mwaka mzima. "Basi kwa nini unahesabu siku nzima?" akasema. "Hesabu kuanzia saa kumi na mbili."

Niliona haya. Nimesoma miaka mitatu, na jibu limetoka kwenye ungo. Kwa kila sala nikaweka dakika za kuongeza tu, na waya nane zikatosha na kubaki.

Mama akanisomea ratiba ya mwaka mzima, siku baada ya siku, nami nikaandika. Kazi ya kuingiza namba kwenye chipu niliifanya karakanani kwa mashine maalumu ya kuandikia chipu, alasiri baada ya alasiri, na kila namba niliihakiki mara mbili. Katika namba zile hakuna hata moja iliyokosewa. Naapa mpaka leo.

Kilichoharibika ni haraka. Ilikuwa tarehe ishirini na tisa ya Shaaban, siku ambayo mwezi unaweza kuandama jioni. Baba alitaka saa iwe msikitini kabla watu hawajapanda kutazama mwezi, maana mfungo ukianza asingeweza tena kubahatisha. Alikuwa amekaa pembeni yangu na bakora yake, akiuliza kila dakika kama tayari. Nikaipachika chipu kwenye soketi, ikakataa, nikaikandamiza kwa gumba. Ikaingia. Kuna sauti ndogo niliisikia, nami sikuijali. Nikaingiza tarehe ya siku ile. Nikaisogeza mbele, na ilipofika dakika ishirini na tano baada ya saa kumi na mbili, taa ikawaka, nikafungua ratiba, na ratiba ikasema ishirini na tano. Nikasema alhamdulillahi, nikairudisha kwenye wakati wake, nikafunga boksi. Nilijaribu siku moja, nikaridhika.

Sasa nimekaa kwenye mkeka, siku ya nane ya mfungo, na baba ameadhini tena dakika ya ishirini na tano. Nikainuka kuiangalia ratiba ukutani. Leo Magharibi ni dakika ya ishirini na tisa. Nikarudi nyuma kwa kidole, nikitafuta siku ambayo Magharibi ilikuwa ishirini na tano. Siku moja nyuma, mbili, nne, saba. Kidole kikafika tarehe ishirini na tisa ya Shaaban, siku ile ile niliyoifunga saa. Siku nane kamili, maana mwezi uliandama jioni ile ile.

Mtu mwengine angeona siku nane ni siku nane tu. Mimi niliona waya. Moja, mbili, nne, nane, kumi na sita: hizo ndizo namba za waya, kila waya wa anwani na thamani yake. Saa ikikosea kwa siku tatu au saba, tafuta kosa katika hesabu. Ikikosea kwa nane, waya mmoja umekufa. Waya wenye thamani ya nane ulitakiwa uwe hauna moto kwa siku nane, halafu uwe nao kwa siku nane, kwa zamu. Zile siku usizotakiwa kuwa na moto, saa ilikuwa sahihi, na hizo ndizo zilizoangukia siku yangu ya majaribio na siku nne za mwanzo za mfungo. Siku ya tano waya ulitakiwa uwake, haukuwaka, na chipu ikatoa barua ya sanduku la siku nane nyuma. Mtu mwenye macho angeona dakika zinarudi nyuma ghafla, akashtuka. Baba aliona taa tu.

Siku ya tano, ya sita, ya saba, na leo. Siku nne watu wamefungua saumu jua lingali juu ya bahari. Nilijua hukumu yake kama kila mtoto wa chuo cha Qur'ani anavyoijua: aliyekula akidhani jua limezama, kisha ikabainika halijazama, hana dhambi lakini saumu ile haipo, ataifunga tena. Wagonjwa waliojikaza, akina mama wanyonyeshao, vibarua wa bandarini waliobeba magunia kwa kiu. Misikiti mitatu.

Baba aliporudi kutoka msikitini alikuwa na furaha, akasifu mihogo ya nazi, akasifu saa. Nikampakulia tena. Nilijiambia nahitaji hakika kwanza. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Kesho yake nilimwambia nataka kuikagua betri ya ndani, akaileta saa yenyewe baada ya Alasiri, ameikumbatia chini ya kanzu. Nilikuwa na saa mbili na kitu tu, na ikiwa haikurudi inavyotakiwa, siku ya tano ya kosa ingeongezwa juu ya zile nne. Tukakaa kwenye sebule ya chini, mimi na vyombo vyangu, yeye kwenye kiti chake mbele yangu. Nikafungua boksi. Nikaingiza bisibisi chini ya chipu, nikaiinua taratibu. Miguu ishirini na mitatu ilikuwa imesimama. Mmoja ulikuwa umekunjwa chini ya tumbo, haukuingia kwenye tundu lake hata kidogo. Sikuwa na haja ya kuhesabu kujua ni upi.

Nikaushika kwa koleo ndogo kuunyoosha. Ukakatika.

Kibaki cha mguu kilikuwa kifupi kuliko punje ya mtama. Chipu nyengine sikuwa nayo, na kama ningekuwa nayo nisingeweza kuiandika namba zile zote kwa saa mbili. Nikachomoa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa redio, nikapasha moto chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, na nikajaribu kuushikiza. Mara ya kwanza lehemu ikadondoka. Mara ya pili nikaunguza kidole. Mara ya tatu ukashika, nao ukashika kweli. Nikaipachika chipu, safari hii nikiangalia kila mguu. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nikaipeleka saa siku moja mbele, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, mpaka waya wa tisa, kila waya nikiuwasha na kuuzima, nikilinganisha na ratiba. Zote zikasema kweli, nikairudisha kwenye tarehe ya siku ile.

Wakati wote huo baba alikuwa akisikiliza mikono yangu.

"Kuna nini humo?" akauliza.

Ningeweza kusema vumbi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Saa ilikuwa imetengemaa, taa ingewaka kwa wakati wake, na zaidi ya mama hakuna kiumbe katika mji ule ambaye angejua. Ningeweza kuyabeba mimi peke yangu. Lakini nilimfikiria yule mwanamke wa nyumba ya pili, anayenyonyesha na akafunga kwa ubishi wake. Ataingia kaburini akidhani amekamilisha.

"Baba, saa imekosea. Toka siku ya tano."

"Dakika ngapi?"

"Nne. Tumefungua jua lingaliko."

Akapapasa bakora yake, akaikuta, akaishika kwa mikono miwili. Nikamwambia yote, gumba langu, sauti niliyoisikia, mguu, siku moja ya majaribio. Sidhani kama aliyafahamu ya waya. Ya haraka aliyafahamu.

"Nani mwengine anajua?"

"Mimi na wewe, na mama."

Akaizungusha bakora mikononi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani aseme tunyamaze. Nilitamani mkubwa wangu aniamuru, ili dhambi iwe na mwenyewe. Badala yake aliniuliza kama saa sasa ni sawa. Nikasema naam, baba, ni sawa. Akaomba maji ya kutawadha, akasema ataichukua mwenyewe. Nilimfuata kwa nyuma mpaka mlangoni mwa msikiti, akaingia bila ya kugeuka.

Nilikuwa juu ya paa pamoja na mama kipaza sauti kilipokohoa. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini. Jua lilikuwepo. Mama akanishika mkono, akidhani kosa limerudi.

"Ndugu zangu," ikasema sauti ya baba, si ya kuadhini, sauti ya kawaida ya mtu aliyekaa nyumbani. "Nina neno kabla sijaondoka mahali hapa. Macho yangu hayaoni. Hayaoni toka mwaka juzi, nami nimekuficheni. Siku nne nimekuadhinieni kabla ya wakati, toka ya tano mpaka jana. Kila aliyefungua kwa sauti yangu, afunge siku nne badala yake. Saa iko sawa, mimi ndiye sikuiona. Nakuombeni radhi."

Kipaza sauti kikazimwa. Chini mtaani hapakuwa na sauti hata ya mtoto. Mama hakulia, alikaa tu juu ya ile sakafu ya moto na kuvuta buibui usoni. Dakika kumi baadaye, saa kumi na mbili na nusu, kama chipu yangu ilivyoandikwa, ikatoka adhana ya kijana mmoja, nzuri, yenye pumzi ndefu. Nililiona jua likimalizika pamoja nayo.

Baba hakuadhini tena. Wengine walimkasirikia kwa wiki mbili, wengine walimtania kwamba aliwafuturisha mchana, na watu wa msikiti wetu walimpa kanzu mpya na heshima zao. Aliichukua kanzu. Niliapa kwamba nitakwenda kwa imamu kusema kweli. Baba akanikataza, akasema mtu mmoja aliyeharibikiwa anatosha nyumba moja, na nani atampa kazi fundi wa kike aliyekosesha misikiti mitatu saumu? Nikakubali haraka. Haraka yangu ile ndiyo inayoniuma, zaidi ya ile ya gumba.

Baada ya sikukuu wakaja wazee watatu wa msikiti wa upande wa Kikwajuni. Walimwamkia baba, wakaketi, wakaleta maneno marefu ya heshima. Walikuwa wanataka saa kama ile. Mmoja wao, mtu wa adabu, akaniinamia akidhani baba hasikii, akasema kila mtu anajua chombo hakikuwa na kosa, ni uzee tu wa masikini mwadhini. Wenzake wakatikisa vichwa. Baba alikuwa amekaa pale pale, hatua tatu, uso wake umeelekea sauti yangu. Alikuwa akingoja. Sijajua mpaka leo kama alikuwa akingoja nitimize ahadi niliyompa ya kunyamaza, au akingoja niivunje.

"Mnataka ya sala zote tano," nikauliza, "au ya Magharibi peke yake?"

Baba akageuza uso upande wa dirisha, akaomba maji.